Droo ya Milango

Mwaka wa sitini na nne, nikiwa na miaka minane, ndipo shida zilipoanza. Baba alitoka kwenda kufunga duka, hakurudi. Mama akabaki na sisi watoto watatu na cherehani moja. Ya Unguja wameshayaandika waliosoma. Mimi nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Nnasema mapema ili mtu asihangaike kunisahihisha. Nnaandika kama nnavyozungumza, na mkono huu unaoandika kombo ndio uliojenga nyumba wanazolala wanaoandika sawa.

Maskati tulifika mwanzo wa miaka ya sabini. Mama akapata chumba Sib, si mbali na pwani wanapoanika samaki. Udongo mtupu, paa la magogo ya mtende, mlango mmoja, dirisha moja. Humo alishona, humo alitulea, humo alifia. Mimi nilibeba zege, nikawa mwashi, nikawa mkandarasi. Na nitasema kweli, pesa yangu ya mwanzo yenye maana haikutoka kwenye kujenga, ilitoka kwenye kuvunja. Watu walipopata uwezo walitaka villa, na villa haisimami mpaka nyumba ya udongo ilale chini. Nikaitwa mimi niilaze.

Lakini nnayemweleza hapa ni mwanamke aliyekuwa akinitangulia. Nyumba niliyokuwa niivunje, yeye aliingia kwanza akaipiga picha, na picha zile zilikaa katika chuo kikuu kimoja hapa Maskati, chumba maalumu, kwa ajili ya vijana wanaosomea usanifu wa majengo. Hata chumba cha mama, nilipokwisha kukivunja, kilibaki duniani ndani ya droo za mwanamke yule tu. Kwa hilo nilimheshimu kuliko watu wote ambao si damu yangu. Na kwa hilo hilo, mwisho, nilimkasirikia.

Tulimwita Mwalimu. Chuoni hakuwa mwalimu, cheo chake kilikuwa mtunza picha. Zamani alisomesha skuli ya wasichana, jina likamganda. Wanafunzi wa Kiarabu walimwita Ustadha, sisi wa Kiswahili Mwalimu, na yeye aliniita mimi Fundi. Nilipokuwa na vibarua watatu, Fundi. Nilipokuwa na winchi mbili na ofisi yenye kiyoyozi, Fundi.

"Mwalimu, mimi sasa mkandarasi," nikamwambia siku moja.

"Hongera. Sogea kidogo, Fundi, unaniwekea kivuli."

Tulivyojuana ni hivi. Nilikuwa Sib, nyumba kongwe ya ghorofa moja, wenyewe wameshahama, katapila limeshawashwa. Akaja mwanamke mfupi wa baibui na viatu vya mpira, kamera kifuani, akasimama mbele ya katapila kama askari wa barabarani.

"Zima."

"Wewe nani?"

"Mtu wa chuo. Nipe mpaka adhuhuri."

"Bibi, mafuta yanaungua hapa."

"Ndio nikakwambia zima. Ukizima hayataungua."

Dereva wangu, Mhindi wa Kerala, hakujua neno la Kiswahili lakini alizima kabla sijamwambia. Mwalimu akaingia, na adhuhuri ilipofika alikuwa bado ngazini, amelala chali, anapiga picha dari. Nikampigia kelele. Akajibu kutoka ndani, "Hii adhuhuri ya kwenu inakuja haraka!" Tokea siku ile nikawa namwarifu mwenyewe. Nikipata kazi ya kuvunja, kabla ya kuwatafuta vibarua, nampigia simu Mwalimu.

Vijana wa leo hawazijui picha zile, basi nieleze. Ni filamu ndogo, moja moja, kila moja imetiwa katika fremu ya plastiki, ukubwa wake kama biskuti ya chai. Ukiitia kwenye mashine yenye taa, ukutani inatokea kubwa, unaweza kuhesabu misumari. Waliziita slaidi. Chuo kilinunua slaidi za dunia nzima, mahekalu, makasri, misikiti ya Uturuki, makanisa. Za hapa kwetu hapakuwa na wa kuuza, kwa hivyo Mwalimu akazipiga mwenyewe, na filamu nyingi akanunua kwa mshahara wake.

Alikuwa na sharti zake, na sharti zake zilimchosha kila mtu. Haingii nyumba mpaka godoro la mwisho limetoka. Hapigi mtu, hapigi kitanda, hapigi nguo. Ruhusa aliiomba kwa mwanamke wa nyumba, si kwa mume, na alimwahidi hivi: picha hizi wataziona wanafunzi darasani, hazitotoka kwenye gazeti wala kwenye televisheni, na jina lako halitoandikwa popote. Kwetu huku nyumba ina sitara yake. Chumba cha ndani cha wanawake, shemeji tu hakijui, sembuse wanafunzi. Wanawake wale walimkubalia kwa sababu alikuwa mwenzao na kwa sababu ya ahadi ile.

Nakumbuka nyumba moja Qantab, kule kwenye kighuba cha wavuvi. Wenyewe wamehama asubuhi ile, na chumbani wamesahau kanga, imetundikwa msumarini. Mtu mwengine angeipiga ilivyo, ilikuwa nzuri, nyekundu juu ya ukuta wa chokaa. Mwalimu aliiteremsha, akaikunja vizuri, akampa kijana wangu akaipeleke kwa wenyewe na gari. Tukangoja. Kanga ilipofika kwa mwenyewe, akaupiga picha msumari.

"Msumari una nini?" nikamuuliza.

"Umewekwa kwa urefu wa mwanamke wa humo. Tazama, mimi naufikia, wewe utaupita na bega."

Basi. Jambo kama hilo mimi nilikuwa silioni, na sikuona haya kutoliona. Yeye kazi yake kutazama, mimi kazi yangu kuangusha.

Jambo jengine ni namna alivyozipanga. Mimi nilidhani nitakwenda chuoni nikute nyumba ya Fulani hapa, nyumba ya Fulani pale. Hata! Milango alipanga na milango, madirisha na madirisha, ngazi na ngazi, paa na paa, mashimo ya kupitisha upepo na mashimo. Nyumba moja ilitawanyika katika droo kumi, na juu ya fremu hapana jina la mtu wala la mtaa. Kaandika tu "mlango, bao mbili, mwembe", yaani wa mbao za mwembe wenye kufunguka pande mbili, au "dirisha la jikoni", pamoja na aina ya udongo.

"Mwalimu, huu mlango wa nani?"

"Huu wa droo ya milango."

"Nnakuuliza mwenyewe nani."

"Na mimi nimemwahidi mwenyewe nisikwambie. Mwanafunzi anasomea mlango, Fundi, hasomei watu."

Lakini yeye alijua. Ukiitoa slaidi yoyote ukaiweka juu ya meza ya taa, ile yenye kioo kinachowaka kwa chini, aliinama, akacheka peke yake au akahuzunika, ukajua kwamba anaijua nyumba na anamjua mwanamke. Mpango wote ule, makabati yote yale, ufunguo wake ulikuwa kichwani mwake. Hapakuwa na mwengine, na hakuona kama ni tatizo.

Watu wakimsifu kwamba alipenda mambo ya kale. Nyinyi hamkufika kwake. Aliishi fleti ya ghorofa ya nne, kiyoyozi baridi mpaka mgeni anaomba shuka, dari la jasi lenye maua yaliyopakwa rangi ya dhahabu. Dari lile lile alilokuwa akinitukania mimi nikilitia kwenye nyumba za watu!

"Mwalimu, mbona wewe hukai nyumba ya udongo?"

"Nimekaa. Ina nge." Akanitilia chai. "Hebu niache na dari langu."

Alikuwa mkali kwa wanafunzi na mpole kwa vibarua. Akikuta kijana wa chuo anapiga picha kwa simu, tap tap tap, humwambia, "Umepiga nyingi, mashallah. Sasa fumba macho, nambie ngazi iko mkono gani." Kijana akikosea alimtuma arudi ndani bila simu. Na vibarua wangu wa Bangladesh aliwaletea sambusa, akakaa nao chini. Kuna siku alilia kwa sababu tulivunja ukuta mmoja kabla hajamaliza, na kesho yake akaniomba radhi mbele ya watu wote. Mwanamke mwengine wa umri ule na elimu ile asingeomba radhi kwa mtu kama mimi. Nilijifanya sikujali.

Sasa mumewe. Hawakujaaliwa watoto, walikuwa wawili tu. Bwana alikuwa mtu wa ofisi ya serikali, mpole, mnene, mpenda samaki wa kukaanga. Watu wengi wanahama nyumba siku ya Ijumaa, kwa hivyo Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya picha. Na Ijumaa ndiyo siku aliyoitaka yeye. Alitaka wakae nyumbani wale pamoja, walale mchana, jioni wanywe kahawa. Hakupata. Alimleta mkewe kwa gari, akabaki kwenye gari, injini imewashwa kwa ajili ya ubaridi, birika la kahawa kwenye kiti cha mbele. Saa mbili, saa tatu. Mimi nilikuwa nakwenda kuzungumza naye dirishani.

"Fundi," akaniambia mara moja, "huyo mwanamke aliye ndani ana mume?"

"Anaye."

"Ukimwona mwambie namsalimia."

Tulicheka sana. Mwalimu akatoka vumbi tupu, akauliza tunacheka nini. Bwana akamfuta shavu kwa kitambaa, akasema hatucheki kitu.

Ilipofika zamu ya chumba cha mama, mama alikuwa ameshafariki, na kile kiwanja nilikitaka kwa maduka. Ndugu zangu walinuna. Mimi sikununa, chumba kilikuwa kimeshakaa upande na mvua moja ingekilaza. Lakini sikukivunja mpaka Mwalimu amekuja. Chumba kimoja, alikaa asubuhi nzima. Alipiga mlango, alipiga dirisha, alipiga paa, alipiga pembe ambayo cherehani ilikaa na sakafu ikaliwa na mguu. Mimi nilisimama nje, sikuingia.

Alipotoka akasema, "Nikutolee nakala?"

"Ya nini? Kwangu itapotea kwenye mifuko ya saruji. Kwako iko serikalini."

Akatikisa kichwa akakubali. Mchana ule ule nikavunja kwa mkono wangu mwenyewe, katapila sikulileta. Na nikalala usingizi mzuri. Kila nilipopita kwenye maduka yale nilijua kwamba chumba kipo. Kipo chuoni, kinasomewa na watoto wa watu. Mama yangu, fundi cherehani asiyejua alifu wala bee, sakafu yake inasomewa chuo kikuu! Nilijivuna kwa hilo kuliko kwa winchi.

Alipostaafu, chumba cha picha kikafungwa. Mambo yote yakawa kwenye kompyuta. Zile slaidi za kununua, mahekalu na makasri, chuo kilikuwa kimeshazipata upya kwenye mitambo yao. Za Mwalimu walitaka kuzitia pia, yeye akakataa. Alisema aliwaahidi wanawake wale darasa, hakuwaahidi dunia. Mkuu wa idara, kijana wa watu wa Unguja kama sisi, alimbembeleza mara nyingi. "Mwalimu, tutaziwekea kufuli." Akamjibu, "Kufuli yako wewe anaijua nani ukishaondoka?" Basi zikabaki gizani, zake na za chuo zimechanganyika katika makabati yale yale, mlango wa Sib ubavuni mwa mlango wa Roma.

Halafu bwana akafa. Alikaa kula, akaweka mkono kifuani, yakaisha. Mwalimu akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani, hatoki, hajitii manukato, haonani na mwanamme wa kando. Hiyo kila mjane wa kwetu anaikaa. Lakini wengi siku hizi wanaikaa na simu mkononi na mlango wazi. Yeye simu aliizima.

Eda ile haijafika katikati, mkuu wa idara akanipigia mimi.

"Ami, samahani. Jengo linafanyiwa ukarabati. Chumba cha picha kinatakiwa kiwe kitupu ikifika Alkhamisi."

"Na vilivyomo?"

"Lori la taka, ami. Vya chuo vimeshatolewa kwenye hesabu. Lakini vyake yeye ni vyake, nnataka avichukue. Shida hatujui vipi ni vyake. Simu yake haipokewi. Aje yeye, saa mbili zinamtosha, achague."

Nikaenda. Akanifungulia msichana wa kazi, Mganda, akaufunga mlango nusu.

"Baba, madam anasema usiingie. Simama hapo hapo, ataongea na wewe nyuma ya mlango."

"Mwambie nimekuja kwa ajili ya picha zake."

"Amesikia, baba. Unavyoongea hata jirani amesikia."

Sauti ya Mwalimu ikaja kutoka ndani, imepungua. "Fundi, umekula?"

"Sikuja kula. Alkhamisi picha zako zinatiwa kwenye lori la taka."

"Nimesikia."

"Umesikia nini? Toka! Nimeshamuuliza sheikh. Kasema mwenye eda akiwa na haja ya lazima anatoka mchana, anarudi kabla ya magharibi."

"Haja ya lazima ni dawa na chakula."

"Si wewe miaka yote ukituambia picha hizi ni chakula?"

"Nilisema hivyo?"

"Mbele ya wanafunzi!"

"Basi nilisema mengi, Fundi."

Nilirudi kwa mkuu wa idara nimevimba. Yule kijana mtu mwema. Akaniambia, ami, kama hatoki, basi zitoke droo, mimi nitabeba lawama. Zipeleke kwake, achague ndani, za chuo zirudi. Nilirudi mbio, nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne sikungoja lifti. Nikamwambia msichana afungue mlango wote, droo zinakuja.

"Usizilete," Mwalimu akasema.

"Hutoki hata unyayo! Msichana atazipokea mlangoni. Wewe unachagua tu."

"Usizilete, Fundi."

"Kwa nini?"

Nilimsikia anakaa chini, kama mtu aliyeegemea mlango kwa ndani.

"Unamkumbuka alivyokuwa akikaa kwenye gari?"

"Nnamkumbuka."

"Kila Ijumaa akinambia, leo kaa. Kila Ijumaa namwambia, wiki ijayo. Hakuniomba kitu chengine maisha yake yote. Sasa nimekaa. Siku hizi ni zake, nimempa yeye. Nikiziingiza picha humu ndani, nitakuwa nimetoka tena."

Mimi si mtu wa maneno laini. Nikapiga ubao wa mlango kwa kiganja. "Na chumba cha mama yangu? Mama yangu yumo mle, Mwalimu!"

"Hayumo, Fundi. Mimi sikupiga watu."

Msichana wa kazi akanitazama, akatazama chini. Nikateremka.

Siku ya Jumatano mkuu wa idara akaniruhusu niingie mwenyewe chumba kile. "Tafuta vyako, ami. Utakavyovijua, chukua." Nikajiona nimeshinda. Mimi mtu wa mawe na mbao tokea utoto, nitaukosa mlango niliokuwa nikiufungua na kuufunga? Akawasha meza ya taa, nikavuta droo ya milango.

Wallahi, niliingia mji. Milango na milango. Ya kasri na ya banda, ya Misri, ya Unguja yenye nakshi, na ya kwetu huku, milango ya maskini, mbao zile zile za mwembe, seremala yule yule, bawaba zile zile za kutoka sokoni. Nikaiweka mmoja mmoja juu ya taa. Mwanzo nilisema huu, nikatoa. Baadaye nikaona mwengine, nikasema si ule, ni huu. Kisha wa tatu, una alama ya kufuli chini kama nnavyokumbuka. Au nilikuwa nakumbuka ya jirani? Nikafungua droo ya madirisha, ikawa vivyo hivyo. Sakafu yenye kuliwa na mguu, nikakuta nyingi. Kumbe kila mwanamke alikuwa na pembe yake aliyokaa mpaka sakafu ikashuka.

Mkuu wa idara alisimama nyuma yangu. "Ami, chukua yote mitatu. Mmoja wapo ni wake."

"Na miwili ya nani?"

"Wenyewe hawatojua."

Mimi nimevunja nyumba nyingi na milango yake nimeiuza, kila mmoja nimemlipa mwenyewe, hakuna anayenidai bawaba. Sikuwa tayari kuondoka na mlango wa mama wa mtu nikautundika nikauita wa mama yangu. Na kubeba droo zote ni kuvunja ahadi, wanawake wale waliahidiwa darasa, si ghala la fundi. Nikairudisha yote mitatu. Nikamshukuru, nikaondoka. Alkhamisi sikupita njia ile.

Baada ya hapo sikwenda kwa Mwalimu. Eda ikaisha, watu wakaniambia ametoka, nikasema vyema. Wakaniambia amehamia Mawaleh kwa mtoto wa dada yake, sikuuliza nyumba ipi. Hasira yangu haikuwa ya kelele, ilikuwa ya kutotamka jina. Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Mwanamke yule anaumwa, na wewe unazeeka. Nenda kamuone, au usiniletee uso huo mezani."

Nikaenda asubuhi. Alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki, amepungua, macho yameingia ukungu. Alikijua kikohozi changu kabla sijatoa salamu.

"Fundi. Umekuja kunigombeza?"

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja."

"Uliza."

"Mlango wa chumba cha mama. Ulikuwa bao moja au bao mbili?"

Akafumba macho. Nikangoja. Nilijua atasema, maana mtu huyu nilimuona akiinama juu ya fremu ndogo akatambua nyumba na mwenyewe. Alipofumbua akatikisa kichwa.

"Sijui."

"Vipi hujui? Ulikaa asubuhi nzima!"

"Nilikuwa najua nikiiona picha. Bila ya picha sina kitu. Nikishapiga, kinanitoka, ndivyo nilivyoweza kwenda nyumba ya pili." Akanigeukia. "Wewe uliishi mle. Wewe unauona vipi?"

Nikafungua mdomo nimwambie, bao mbili, rangi ya buluu. Halafu nikakumbuka buluu ilikuwa ya jirani. Nikasema bao moja. Nikaona mkono wa mama unasukuma upande wa kulia, na upande wa kushoto umefungwa kwa komeo. Basi ni mbili. Lakini mkono ule, ilikuwa nyumba ile au ya Unguja? Mtoto wa dada yake akatuletea chai na mandazi, akatukuta wote tunatazama ukuta.

"Sasa nikuulize mimi," akasema. "Nikiwa ndani nnapiga picha, wewe ulikuwa unasimama na bwana pale dirishani. Alikuwa akisema nini?"

"Mengi."

"Nambie."

"Alikuwa akisikiliza mpira redioni. Akinilaumu kwa vumbi la gari."

"Mengine."

Nikamwambia. Kwamba alikuwa hanywi kahawa yote, anabakisha kikombe cha mkewe, na kikipoa anakimwaga nje, anamimina chengine. Kwamba siku moja mvua ilinyesha, akatoka na mwavuli akasimama mlangoni pa nyumba tupu, akaona aibu kuingia kwa sababu ni nyumba ya wanawake wa watu, akarudi kwenye gari ameroa. Kwamba akiisikia sauti yake ndani anatugombeza, alikuwa akisema, "Msikilize, huyo." Akisema hivyo tu, basi, kisha anatazama mbele.

Hakulia. Aliomba nirudie la mwavuli. Nikalirudia. Akauliza ni nyumba ipi, nikasema nadhani ile ya Sib yenye ghorofa, siapi. Akauliza mwavuli rangi gani. Mweusi, nikamwambia, na hilo naapa. Akashika kikombe chake kwa mikono miwili mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa, hakukinywa.

Nilipoondoka hakunisindikiza, hakuweza. Akaniambia, "Fundi, mimi nilikuchukulia chako, na sina cha kukurudishia."

"Ndio," nikasema. Sikumwambia si kitu, kwa sababu ni kitu.

Alifariki kabla ya Ramadhani kuingia. Nilibeba jeneza, zamu tatu, na mkuu wa idara alikuwa mbele yangu.

Leo nnamiliki nyumba moja Mawaleh ya ghorofa mbili, haina deni. Maduka sita Sib, matano yamekodiwa. Winchi moja, ya pili nimeiuza. Pikapu, na gari la mke wangu. Mashine ya zege ya kwanza niliyonunua, haifanyi kazi. Cherehani ya mama, kichwa chake tu, miguu iliibiwa. Mitende minane. Kiwanja kitupu nilichowaandikia wanangu. Picha ya chumba cha mama, sina.